Pete za fimbo ya flai zikivunjika, mafundi wake wapo hapa hapa Dodoma

Kitu kinachokufa mapema kwenye fimbo ya flai, aina moja ya fimbo ya kuvulia samaki, sio ufito, sio rili ya kukunjia mshipi, wala sio mshipi wenyewe. Ni pete. Zile pete ndogo za waya zilizofungwa kwa uzi kuanzia juu ya mshikio mpaka nchani, ambazo mtu akishika fimbo dukani wala hazitazami, anazungusha rili, anautikisa ufito, anaona unapinda vizuri, analipa anaondoka. Na hapa kwetu Dodoma zinakufa haraka kuliko kwa wenzetu wanaovua trauti kule Mufindi kwenye mabwawa ya mashamba ya chai, kule kuna ukungu na majani mabichi, huku kuna vumbi, upepo na safari ndefu za barabara. Nimelibeba hili jambo muda mrefu na leo nataka niliandike lote kwa kirefu, mana kila mara kuna kijana ananitafuta "kaka pete imeng'oka nafanyaje" na ukimuuliza ameshaambiwa nini anasema ameambiwa anunue fimbo nyingine. Hapana jamani. Fimbo nzima ife kwa sababu ya kipande cha waya kisichofika hata gramu moja? Mi silikubali hilo kabisa, kwa sababu kila kinachohitajika kuitengeneza kipo hapa mjini, ila kimetawanyika kwa mafundi ambao hawajawahi kuiona fimbo ya flai.

Nianze na wale wasioijua flai. Uvuvi wa fimbo tuliouzoea, uzito uko kwenye chambo au kwenye risasi, unarusha risasi na risasi inauvuta uzi. Flai yenyewe haina uzito wa maana, ni manyoya ya jogoo na nyuzi zimefungwa kwenye ndoano ndogo zifanane na mdudu au kisamaki, ukiitupa kwa mkono inaangukia hapo hapo ulipo. Kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe, ni mnene, una moyo wa nyuzi uliovikwa plastiki, na ndio mana mishipi hii inauzwa kwa namba za uzito. Tangu mwaka 1961 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kupima futi 30 za mwanzo, mita 9 na kidogo, na namba 6 ambayo mimi naipenda kwa upepo wa huku inatakiwa iwe greni 160, yaani gramu 10 na ushee. Huo mshipi unapita kwenye pete unaenda unarudi, unaenda unarudi, alafu unauachia utoke, alafu unauvuta tena kwa mkono kidogo kidogo, siku nzima. Sasa fikiria njia hiyo ikiwa na jino moja tu la chuma.

Fimbo ya futi 9 huwa na pete kama kumi hivi, mafundi wa fimbo wanahesabu pete moja kwa kila futi alafu wanaongeza moja. Ya kwanza kutoka kwenye mshikio ni kubwa, ina fremu ya chuma na ndani yake duara la seramiki, hii ndio inayopokea mshipi kutoka mkononi kwa hiyo inasuguliwa kuliko nyingi. Zinazofuata ni waya mwembamba uliopindwa umbo la S, una miguu miwili, kila mguu umefungwa kwa uzi na kupakwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya resini na kigumishi, nyepesi makusudi ili ufito usilemewe. Ya mwisho ni ya nchani, ina kibomba kidogo kinachovalishwa kwenye ncha kwa gundi. Kila moja inavunjika kivyake na inatengenezwa kivyake, na hapo ndipo watu wanapochanganya, wanachukua gundi moja wanamalizia zote.

Sasa tuongee vumbi, mana hili watu hawalioni kabisa. Mkoa wetu umekaa juu ya mwamba wa zamani sana, na sehemu kubwa ni granaiti, ndio yale mawe makubwa unayoyaona yametapakaa kuzunguka mji. Granaiti ikimomonyoka inaacha chembe za kwatsi, yale madini magumu ya kwenye mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 mpaka 10 ambapo 10 ni almasi, kwatsi ni 7, na chuma cha pua cha kawaida kiko chini ya hapo. Kinachoiokoa pete ni kromu ngumu iliyopakwa juu yake, hiyo inapita kwatsi kwa ugumu, ila ni ngozi nyembamba tu. Ikianza kutoboka, kila chembe ya vumbi iliyonata kwenye mshipi uliolowa inachimba chuma kilicho chini, na baada ya muda unakuta mfereji mdogo ndani ya pete, una kingo kali, na zile kingo ndio zinaanza kula plastiki ya mshipi wako ambao bei yake wakati mwingine inazidi ya fimbo ya kuanzia.

Na kwetu mshipi unaokota vumbi zaidi kwa sababu moja ambayo sio uzembe wa mtu. Ulaya na Marekani mvuvi wa flai anaingia mtoni mpaka magotini, mshipi anaouvuta unaelea mbele yake kwenye maji safi. Nenda Mtera ukafanye hivyo uone, pale kuna mamba na viboko, mtu mwenye akili anasimama nchi kavu na mbali kidogo na maji. Kwa hiyo mshipi wote unaouvuta unaangukia miguuni, na Mtera ni bwawa la umeme, maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo yanapanda na kushuka, yakishuka yanaacha upana wa tope lililokauka na kupasuka pasuka, ukikanyaga linakuwa unga. Mshipi uliolowa ukigusa ule unga umekwisha. Hombolo ni vilevile miezi ya kiangazi, lile bwawa lililochimbwa 1957, kilomita kama 40 kutoka mjini, ambako wengi wetu wa Dodoma tunaenda kwa sababu unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni na perege wako. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa pale unakuletea vumbi hata kama hujaushusha mshipi chini.

Dawa yake ni beseni. Beseni la plastiki la kufulia, dogo, unalitoboa matundu mawili ubavuni unapitisha mkanda unalifunga kiunoni, mshipi unaouvuta unaangukia humo. Kuna mzee mvuvi wa nyavu pale Hombolo, tukifika tunamwamkia kwa Kigogo "mbukwenyi" anafurahi, yeye aliponiona na beseni kiunoni hakushangaa hata kidogo, akasema "hapo sawa, nyavu pia hazilazwi mchangani." Wavuvi wa nyavu wanajua hili miaka yote. Ukirudi nyumbani unaupitisha mshipi kwenye kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ukimaliza unachukua pamba unapitisha ndani ya kila pete, unazungusha taratibu. Pamba ikinasa hata unyuzi mmoja, pete ina jeraha, hata kama kwa macho inang'aa. Kidole hakitoshi, jamani, kidole kinadanganya, tumia pamba.

Hayo ni ya kuisha polepole. Ya kuvunjika ghafla ni usafiri. Mimi pete zangu zilikufa njiani nikitokea Mtera, barabara ile ya Iringa, basi limejaa, fimbo nimeiweka juu kwenye keria ya mizigo ndani ya mfuko wake wa kitambaa, mtu akapandisha ndoo ya rangi imejaa mahindi akaisukuma mpaka mwisho. Niliisikia. Kufungua nakuta pete ya nne imelala kabisa, mguu mmoja umechomoka kwenye uzi, na ile ya nchani imepinda na duara limefunguka. Ufito mzima, hauna hata mchubuko, na hilo ndilo la kushukuru na ndilo la kuangalia kwanza kabla ya kitu chochote. Ukikuta pete imevunjika, sahau pete, kagua ufito. Pitisha kucha pole pole kuzunguka pale mguu wa pete ulipokuwa, upinde kidogo usikilize. Ufito wa kaboni ukiwa na mkato mdogo wa kuzunguka, huo ndio utakatikia hapo siku kambale mkubwa akishika, na hapo hata ukiwa na pete ya dhahabu haisaidii.

Watu wengi hapa ndipo wanapokimbilia supagluu. Naomba sana, hapana. Supagluu inakauka kama kioo, fimbo ya flai inapinda mia kwa mia, gundi inapasuka na pete inatoka tena ila safari hii imeacha magamba magumu juu ya ufito ambayo ukitaka kuyatoa inabidi ukwangue, na kukwangua ndio kuuua ufito. Kama uko bwawani na siku ndio imeanza, chukua tepu ya umeme, ile nyembamba, kata ipasuliwe nusu kwa urefu, funga mguu wa pete ukiivuta kidogo inyooke, itakushikilia mpaka jioni. Kama pete imepotea kabisa katikati, vua bila hiyo pete moja, ila usiinue fimbo juu sana ukiwa na samaki, mpiganishe fimbo ikiwa chini chini na utumie rili, mana pale palipokosa pete mshipi unakata kona ya kwake na ufito unabeba mzigo vibaya, mzigo wote unakwenda kwenye pete mbili za jirani. Kama ni ya nchani ndio imekwenda, mimi ningefunga mizigo. Ncha ndio sehemu nyembamba kuliko zote na haitaki majaribio.

Nyumbani sasa ndio kazi yenyewe. Kwanza kuitoa ya zamani. Uzi wa zamani uko chini ya epoksi ngumu, na wembe ukiteleza unakata kaboni. Njia salama ni joto la kiasi. Mimi nilikwenda saluni ya jirani, Nkuhungu, nikamwomba dada wa pale draya ya mkono, akaniambia "subiri nimalize huyu wa rola kaka angu", nikasubiri, nikapewa. Unapuliza pale kwenye epoksi mpaka uione imelainika, ukiminya kwa ukucha inaacha alama, hapo unachukua wembe unakata juu ya mguu wa pete, narudia, JUU YA MGUU WA PETE, chuma ndio kiwe chini ya wembe, kamwe usikate upande wa ufito. Ukishapata mwanya unaondoa uzi kwa kucha, unafuata wenyewe unazunguka. Usitumie moto wa kiberiti kwenye ufito. Kaboni yenyewe haiungui kirahisi, ila resini inayoishika inalegea kwa joto kali na ukishailegeza hairudi.

Pete mpya unaipata wapi? Hapa ndio nilizunguka. Unaweza kuagiza kutoka nje, zinauzwa kwa seti na ni nyepesi kusafirisha, lakini unasubiri na unalipia. Dar kuna maduka ya vifaa vya uvuvi wa baharini na siku hizi na treni ya SGR tangu 2024 mzigo mdogo unampa mtu asubuhi unaupata siku hiyo hiyo, ila pete zao nyingi ni za fimbo nene za baharini. Nikasema hebu nijaribu hapa. Nikaenda kwa wachomeleaji wa mageti na matangi ya stenlesi, kule Kizota, nikaomba kipande cha waya wa kuchomelea wa stenlesi wa milimita moja. Ule unaokuja kwenye roli. Kijana akanikatia urefu wa mkono bila kunidai kitu. Huo waya ni mgumu, haushiki kutu, na unene wake unakaribiana kabisa na waya wa pete ya fimbo ya namba 6.

Alafu nikaupeleka kwa sonara. Hapa nikae kidogo, kwa sababu huyu mzee alinifundisha kuliko video zote nilizoangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikamwonyesha pete nzima niliyoitoa kwenye fimbo iwe mfano, na ule waya. Akaigeuza geuza kwenye kioo chake cha jichoni. Akauliza kamba inapita upande gani, nikamwonyesha. Akauliza inapita ikiwa imelowa au kavu, nikamwambia imelowa na wakati mwingine ina mchanga. Akatikisa kichwa.

"Huu waya sio dhahabu mwanangu," akasema. "Dhahabu unaibembeleza, ukikosea unairudisha. Huu ukiukunja ukaukunjua ukaukunja tena palepale, unakuwa mgumu, unakatika. Kwa hiyo unakunja mara moja tu. Ukikosea tupa kile kipande anza kingine."

Na ndivyo alivyofanya, akachukua plaizi yenye midomo ya duara, akapima, akakunja S kwa mzunguko mmoja wa mkono, akalinganisha na mfano, akatupa, akakunja nyingine, akatupa, ya tatu akaikubali. Miguu akaigonga kwa nyundo ndogo juu ya chuma ikawa bapa, alafu akaishika tupa akaanza kuipunguza mwisho wa mguu mpaka ukawa mwembamba unaishia na hewa. Nilikuwa nimesoma kwamba miguu lazima ichongwe hivyo lakini sikuwahi kuona mtu akiifanya kwa uangalifu ule. Sababu yake ni mbili: uzi unapanda juu ya mguu bila kuruka ngazi, na ule mwisho wa mguu usiuchome ufito unapopinda. Ukifunga mguu butu, kuna siku ufito utakatika hapo hapo, na utalaumu samaki. Mwisho akaing'arisha ndani kote, kwanza msasa namba 1000, alafu 2000, alafu kipande cha ngozi na ile dawa yao nyekundu ya kung'arishia. Nikapitisha pamba. Ikapita safi. Nakuambia nilitaka kumkumbatia.

Waya wa kuchomelea hauna ile ngozi ya kromu ngumu, nalisema wazi ili usije ukadhani unapata pete ya kudumu miaka yote. Chuma kitupu dhidi ya kwatsi ya Dodoma kitaliwa mapema zaidi. Lakini ukiwa na beseni, na ukiikagua kwa pamba kila ukirudi, inafanya kazi vizuri tu, na ikiisha sonara yupo na waya upo. Kuna watu watauliza kwa nini usitumie njiti ya baiskeli, ni nene mno, karibu milimita mbili, utauweka uzito nchani na fimbo itakufa mwendo.

Kufunga sasa. Uzi, nilikwenda kwa mama mmoja fundi cherehani pale Majengo, nikaomba uzi mwembamba kuliko wote alionao lakini wenye nguvu. Akanipa uzi wa mashine ya kudarizi, wa poliesta, unang'aa. "Huu haufumuki mwanangu, wa pamba utakuletea manyoya." Alikuwa sahihi, wa pamba unanyonya epoksi unavimba. Uzi wa fundi viatu ni mnene, usiutumie hata kama utaambiwa ni imara, unatengeneza kifundo kizito na epoksi haiwezi kuufunika bila kupaka nyingi. Rangi chagua nyeusi, kahawia au bluu nzito, mana uzi wa rangi nyepesi ukishalowa epoksi unakuwa kama hauna rangi na chuma kinaonekana kupitia humo.

Pete unaishikilia kwanza kwa kijitepu chembamba mguu mmoja. Alafu funga jicho moja utazame kutoka kwenye mshikio kwenda nchani, pete zote zikae kwenye mstari mmoja, ukiona inaenda pembeni isogeze sasa hivi kabla ya uzi. Kidonge cha uzi kiweke ndani ya kikombe, uzi upitishe katikati ya kitabu kizito kilichofungwa, ndicho kitakachokupa mvutano ulio sawa bila kukaza kwa mkono. Anza juu ya ufito, milimita tatu nne kabla ya mguu, mizunguko ya kwanza ipite juu ya mwanzo wa uzi wenyewe ili iubane, kata kile kilichobaki, endelea kuuzungusha ufito (uzungushe ufito, sio uzi) huku mizunguko ikilaliana ubavu kwa ubavu kama ukili kwenye mkeka, hamna nafasi na hamna kupandana. Ikifika karibu na mwisho, laza kitanzi cha uzi mwingine, zungusha mara sita saba juu yake, kata uzi mkuu, tumbukiza ncha kwenye kitanzi, vuta kitanzi kitoke. Ncha imeingia chini, hamna fundo. Mguu wa pili hivyo hivyo. Usikaze kupita kiasi, pete ukiisukuma kwa kidole gumba iweze kusogea kidogo ili uirekebishe mstari, epoksi ndio itakayoigandisha.

Epoksi yenyewe usichukue ile ya dakika tano. Inakauka kabla hujaisambaza na inakuwa ngumu ya kuvunjika. Araldite ile ya kawaida inayochukua siku nzima inafaa ikipashwa kidogo ilainike, ina rangi ya njano njano lakini haina shida. Nzuri zaidi ni ile resini angavu ya mafundi samani wanaomwagia meza, waombe mililita chache tu. Nyingi zinachanganywa nusu kwa nusu ila soma chupa. Na vipimo hapa sio vya kukadiria kwa jicho, nenda duka la dawa nunua mabomba ya sindano mawili, moja la resini moja la kigumishi, usiyachanganye, kwa sababu ukikosea uwiano epoksi itabaki inanata milele na utarudi mwanzo na wembe. Koroga taratibu dakika mbili, mapovu yakibaki pitisha moto wa kiberiti haraka juu ya kisahani, sio juu ya fimbo. Paka nyembamba kwa brashi, uzi ulowe wote.

Kisha unazungusha. Ukiiacha itamwagikia chini itengeneze tumbo. Fimbo iweke juu ya makopo mawili yaliyokatwa V, igeuze nusu mzunguko kila dakika chache, mpaka uone haitembei tena, inaweza kuchukua saa mbili tatu kutegemea joto. Na hapa Dodoma kuna amri moja: fanya usiku, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, sakafu umeinyunyizia maji. Epoksi mbichi na upepo wa mwezi wa nane haviwezi kukaa nyumba moja. Mi hufanya baada ya saa tatu usiku watoto wakishalala, mana mtoto akikimbia tu sebuleni vumbi linanyanyuka.

Ya nchani ni nyepesi zaidi na hapo watu wanaogopa bure. Hiyo haitaki epoksi kabisa. Inataka gundi ya kuyeyusha, zile fimbo za plastiki za kwenye gluugani, mafundi simu na wapambaji wa harusi wanazo, kwa sababu inatakiwa iweze kutoka siku nyingine. Ya zamani unaitoa kwa kupasha kile kibomba cha chuma tu, sekunde chache, kisha unaivuta moja kwa moja bila kuzungusha kwa nguvu. Saizi ya kibomba huko viwandani wanaipima kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo namba 5 ni karibu milimita 2, namba 4.5 ni kama 1.8. Mwombe fundi wa karakana akupimie ncha kwa kalipa, kile kipimo cha unene, dakika moja tu. Kama ncha yenyewe imekatika pamoja na pete, sentimita mbili tatu, ikate vizuri kwa msasa (sio kwa plaizi, plaizi inapasua kaboni), valisha pete yenye kibomba kikubwa kidogo, fimbo itakuwa ngumu nchani kwa mbali sana na utaendelea kuvua.

Na ile kubwa ya seramiki, ukikuta duara lina ufa usilibembeleze, ufa wa seramiki ni wembe, utakula mshipi kwa asubuhi moja. Kama duara ni zima ila limechomoka kwenye fremu, hilo linarudi kwa tone la epoksi. Kama limepasuka, tafuta fimbo ya bei rahisi ya uvuvi wa kawaida iliyokufa, zile za Kichina, mara nyingi imekatika katikati na iko uvunguni kwa mtu, pete zake zina seramiki nzuri tu, chagua inayolingana, chonga miguu, funga. Mimi ya kwangu ya sasa imetoka kwenye fimbo ya namna hiyo na siioni tofauti.

Baada ya kupaka acha siku mbili hata kama kwa kugusa imekauka. Kisha iunge fimbo yote, pitisha mshipi, mtu ashike ncha ya mshipi aende hatua kumi uwanjani, pindisha fimbo pole pole mpaka ikae upinde mzima, tazama kila pete mpya kwenye kingo za epoksi. Ukiona mstari mweupe mwembamba pale uzi unapoishia, epoksi ilikuwa nene, haijaharibika bado lakini ikague mara kwa mara. Usiposikia kitu na usipoona kitu, nenda.

Kuhusu kusafirisha, bomba la PVC la inchi 2 au 3, lile la maji taka. Fimbo ya futi 9 ya vipande vinne, kila kipande ni sentimita 70 hivi, kata bomba sentimita 78, kofia moja igundishwe, nyingine iwe ya kuchomoa, ndani weka kipande cha godoro chini na juu. Ndoo ya mahindi ikija juu yake haina shida.

Sasa hivi mezani nina fimbo ya kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), namba 5, pete mbili zinazofuatana zimetoka na ya tatu ina mfereji. Ameniuliza aanze na ipi. Nimemwambia tuanze na ya chini kabisa, ile iliyo karibu na mshikio, mana hiyo ndio utakayoitumia kulengea zinazofuata ukifunga jicho moja, na ile yenye mfereji tuitoe pia hata kama bado imeshika, kwa sababu draya tumeshaazima na epoksi ikishachanganywa haisubiri. Waya upo, na sonara amesema tuje Alhamisi, Ijumaa anafunga mapema.